Jongoo wa Usambara na sumu wanayotembea nayo

Jumatatu, Muheza

Masika imeshika. Basi la kutoka Tanga limekwenda polepole njia nzima, na kila liliposimama kushusha abiria nilichungulia dirishani: jongoo walikuwa wanakatiza lami, weusi wa kung'aa, miguu myekundu, wengine wameshapondwa na matairi. Sisi watu wa pwani tunawajua sana hawa. Kitaalamu wanaitwa Epibolus pulchripes, na mvua ikikolea hujaa mashambani, hupanda kuta za nyumba, huingia hadi jikoni.

Safari hii nimeipanga kwa ajili ya swali ambalo limekuwa likinisumbua tangu nilipoanza kufundisha baiolojia. Jongoo hana meno ya kumtafuna adui, hana mwiba, na mbio hajui. Anachotegemea ni gamba lake na sumu. Sasa, sumu hiyo anaihifadhije ndani ya mwili laini bila yeye mwenyewe kufa? Vitabu vya shule vinalipita swali hili kwa mistari miwili. Mimi nataka kuwaona wenyewe, msituni, nikiwa na muda wa kutosha.

Nimefikia kwa kaka yangu. Wifi ana michungwa nyuma ya nyumba, kama nyumba nyingi za Muheza, na kabla hata sijanywa chai kijana wao wa kidato cha pili, ambaye nitakwenda naye milimani, alinishika mkono. "Shangazi, njoo uone kitu kinanuka."

Alikuwa ni kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus. Viwavi wake wakiwa wachanga wana rangi ya kinyesi cha ndege, kahawia na doa jeupe, kwa hiyo ndege hawahangaiki nao. Wakikua wanageuka kijani na kujificha kwenye majani. Huyu alikuwa wa kijani, mnene. Nilimgusa mgongoni kwa unyasi. Papo hapo, nyuma ya kichwa chake, zikachomoza pembe mbili laini zenye umajimaji, rangi ya chungwa iliyoingia wekundu, zikaelekezwa upande ule ule nilikogusa. Harufu ya kuchacha ikatupiga puani. Sekunde chache baadaye pembe zikazama ndani, akaendelea kula jani.

Hapo nikapata jibu la kwanza, ingawa ni dogo. Ile si pembe, ni tezi. Wakati wa amani inakaa ndani imejikunja. Akiguswa, kiwavi anasukuma damu yake kwa nguvu na tezi inapinduka ndani nje, na asidi zilizomo zinaanza kuruka hewani. Sisimizi na buibui wadogo hawavumilii. Kwa hiyo upande wa tezi wenye sumu haugusani kamwe na nyama ya ndani: ni ngozi ya nje iliyoingizwa ndani na kukunjwa. Nilimwambia kijana alikumbuke hilo, kwa sababu nadhani tutalikuta tena kwa jongoo.

Wifi aliuliza kama awapulizie dawa. Nilimwambia kwa mti mkubwa hawana madhara makubwa, awatoe kwa mkono kwenye miche tu.

Jumanne, Sigi

Barabara kutoka Muheza ni ya udongo, na kwa mvua hii gari liliteleza mara kwa mara. Tumelala Sigi, chini ya mlima, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Hapa ndipo ilipoishia reli ndogo waliyoijenga Wajerumani kushusha magogo kutoka milimani. Reli haipo tena, ila nyumba ya stesheni ipo, na wageni wanapokelewa hapo.

Mzee atakayetuongoza alitusubiri barazani. Ameutembea msitu huu tangu ujana wake. Nilipomwamkia akaitikia marahaba, akauliza tumekuja kuona vinyonga, ndege au vipepeo. Nilipomwambia jongoo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hao hamtawatafuta. Watawatafuta ninyi."

Kweli. Jioni, mvua ilipopumzika, tulipita njia inayofuata mto na kumkuta Archispirostreptus gigas, jongoo mkubwa kuliko wote waliopo duniani leo. Aliyepimwa akawa mrefu kuliko wote alifika sentimita 38.7, huyu wetu hakufikia hapo, lakini alizidi urefu wa kiganja changu kilichokunjuliwa pamoja na kifundo cha mkono. Nilipiga magoti kwenye matope nikamtazama kwa lenzi. Kila pingili ina jozi mbili za miguu, na miguu inakwenda kwa mawimbi, wimbi likianzia nyuma kwenda mbele. Ubavuni, kwenye kila pingili kuanzia karibu na shingo, kuna kitobo kidogo sana, kimoja kila upande. Hivyo ndivyo vinywa vya tezi. Mtu akitazama haraka anaona mstari wa nukta tu.

Mzee alimgusa kwa ncha ya fimbo. Jongoo alijikunja, kichwa kikiwa katikati, miguu yote ndani, gamba nje. Hakutoa kitu. Alimgusa tena, kwa nguvu kidogo, kwenye pingili za nyuma, na hapo ndipo matone yalipotoka, ya rangi ya manjano inayoelekea kahawia, lakini kwenye pingili zilizoguswa tu. Za mbele zilibaki kavu. Hilo lilinifurahisha kuliko ukubwa wake. Anaitumia hazina yake kwa kiasi, mahali penye shida tu, kwa sababu tezi ikishakauka inachukua muda mrefu kujaa tena.

Matone yale ni benzokwinoni, au kwa kifupi kwinoni. Kundi zima la jongoo wa mviringo, hawa wakubwa na wale wenye miguu myekundu, wanatengeneza kemikali za aina hiyo. Zina harufu kali inayochoma pua, zinawasha macho, na zikigusa ngozi zinashikana na protini zake na kuipaka rangi. Kijana alikuwa ameokota kijiti kuwasogeza wale wadogo njiani, na alipomaliza akakitupa kichakani pamoja na jongoo wa mwisho. Mzee akacheka: "Mtupa jongoo hutupa na mti wake." Nilinusa kijiti kingine alichokuwa amekitumia. Wahenga walikuwa na sababu.

Usiku nikamsimulia kijana habari ya Japani, kwa vile tumelala stesheni. Katikati ya nchi hiyo kuna jongoo wanaoibuka kwa maelfu kila baada ya miaka 8, wote wakiwa wamekua pamoja ardhini. Wakitambaa juu ya reli, magurudumu yanawasaga, reli inateleza na treni zinasimama. Wajapani wanawaita jongoo wa treni. Hao ni wa kundi la jongoo bapa, ambalo sumu yake ni nyingine kabisa, na ndilo ninalolitaka huko juu.

Jumatano, bado Sigi

Mvua imenyesha usiku kucha na gari la kupanda Amani halikuja. Siku nzima tumekaa barazani.

Ila asubuhi alifika bibi mmoja wa kijiji cha jirani, amemshika mjukuu wake mkono. Alisikia kuna mwalimu wa mambo ya wadudu. Mtoto alikuwa na vidole vitatu vya mguu vyeusi vyenye rangi ya zambarau, na bibi alikuwa hajalala kwa hofu kwamba mguu unaoza. Nilimuuliza mtoto kama alivaa viatu juzi. Alivaa viatu vya shule vilivyokuwa vimeachwa nje ya mlango, akahisi kitu kinasagika ndani.

Niliviangalia vidole kwa makini. Vilikuwa na joto, mtoto alivichezesha bila shida, na nilipobonyeza ukucha damu ilirudi mara moja. Nilimweleza bibi kwamba ile ni rangi ya maji ya jongoo, inaweza kukaa siku nyingi hata wiki kadhaa, na itatoka yenyewe ngozi ikijibadilisha; hata hivyo ampeleke zahanati wakamtazame, hasa akiona malengelenge. Majarida ya udaktari yamewahi kueleza watoto waliofikishwa hospitali na madoa kama haya, madaktari wakadhani damu haifiki kwenye vidole, au mtoto amepigwa. Inasikitisha kwamba huku kwetu, ambako jongoo wapo wengi namna hii, jambo hili halifundishwi kliniki wala shuleni.

Kwa hiyo naliandika hapa wazi. Maji ya jongoo yakikugusa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi. Spiriti inasaidia kuyeyusha kwinoni iliyobaki kwenye ngozi, lakini isitumike karibu na macho wala kwenye kidonda. Yakiingia jichoni, mimina maji safi kwa muda mrefu, usisugue, na nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana jicho linaweza kupata kidonda. Na viatu vikilala nje wakati wa masika vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Alhamisi, Amani

Gari limepanda. Kutoka Sigi hadi Amani njia inajipinda ndani ya msitu na hewa inabadilika kwa dakika chache, kutoka joto la bondeni hadi ubaridi wa kuvaa sweta. Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pembe zote za dunia, na baadaye pakawa kituo cha utafiti wa malaria. Majengo ya zamani bado yamesimama katikati ya miti mirefu.

Mchana nilitembea bustanini. Sitaueleza sana, kwa sababu siku yenyewe ilianza saa mbili usiku.

Jongoo bapa hawapendi mwanga. Tulitoka na tochi tatu, mzee mbele, tukafuata kijito. Majani yaliyooza yalikuwa yamelowa na yakinuka vizuri, harufu ya udongo wa msitu. Mzee aligeuza gogo bovu, akalishikilia kwa mguu, akaniashiria. Walikuwapo wanne, urefu wa kidole cha kati, wamebonyea mgongoni, kila pingili imetokeza ubawa mdogo kulia na kushoto, na kingo za mabawa hayo zina rangi ya manjano iliyokolea. Yule jongoo mkubwa wa Sigi alikuwa mweusi mzima, huyu amejitangaza. Rangi kama hiyo kwa mnyama mpole maana yake huwa moja, kwamba anayemgusa atajuta. Huko California kuna jamaa zao wa jenasi ya Motyxia ambao, kwa vile wanaishi gizani, wanajitangaza kwa kutoa mwanga wao wenyewe.

Nilimchukua mmoja kwa jani, nikamtikisa polepole ndani ya kiganja chenye glavu, nikasogeza pua. Harufu ya lozi. Ile ile ya arki inayotiwa kwenye keki, safi kabisa, tamu. Kijana alinusa akashangaa: "Shangazi, huyu ananukia vizuri!" Ananukia vizuri kwa sababu ya benzaldehidi, ambayo ndiyo hasa inayoipa arki ya lozi harufu yake. Lakini benzaldehidi haitoki peke yake. Kila chembe yake moja inapotoka, inatoka na chembe moja ya sianidi ya hidrojeni.

Nilimzuia asinuse tena. Kwa mtu mzima, penye hewa wazi, kiasi kile si cha kutisha. Kwa sisimizi, buibui au mjusi mdogo ni jambo lingine, kwani sianidi inazuia seli zisitumie oksijeni, na mnyama anakosa pumzi ilhali hewa imemzunguka.

Basi tulikaa juu ya gogo hilo na kulizungumza swali langu. Jongoo bapa habebi sianidi. Anabeba kitu kinachoitwa mandelonitrili, ambacho kikiachwa kimetulia hakina haraka ya kuvunjika. Tezi yake ina vyumba viwili. Chumba kikubwa cha ndani ni ghala la mandelonitrili. Chumba kidogo, kilicho karibu na kitobo cha ubavuni, kina vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali. Kati ya vyumba hivyo kuna mlango unaofungwa wakati wote. Jongoo akishtuka, msuli unafungua mlango, maji ya ghalani yanapita chumba cha pili, vimeng'enya vinayavunja, na sianidi na benzaldehidi zinazaliwa pale pale mlangoni zikiwa tayari zinatoka nje. Sumu haikuwapo mwilini sekunde moja kabla.

Mzee alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema neno ambalo ningetamani wanafunzi wangu wangelisikia. "Kumbe ni muhogo mchungu."

Ni hivyo hivyo. Ndani ya seli ya muhogo, kitu kinachozaa sianidi kimefungiwa mahali pake na kimeng'enya chake kimewekwa pengine. Muhogo ukiwa mzima hakuna kinachotokea. Mdudu akiutafuna, au sisi tukiukuna na kuutwanga, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana na sianidi inatoka. Ndiyo maana mama zetu wanauloweka, wanauchachusha, wanauanika: wanaipa sianidi nafasi ya kuondoka. Mmea na jongoo, ambao hawana undugu wowote wa karibu, wamefikia ufumbuzi uleule kila mmoja kwa njia yake. Huko Burkina Faso wapo watu wa kabila la Wabobo wanaokula jongoo bapa, na wanawachemsha kwanza kwa maji ya majivu. Mzee alipolisikia hilo alisema yeye atabaki na muhogo.

Sianidi kidogo inayobaki je? Watafiti waliopima jongoo wa Marekani walikuta wanastahimili sianidi kwa kiwango ambacho kingewaua wadudu wengi. Lakini ustahimilivu huo una mpaka. Wanaokusanya jongoo wanajua kwamba ukimfungia ndani ya chupa isiyo na tundu na kumtikisatikisa, unaweza kumkuta amekufa kwa mvuke wake mwenyewe. Ndiyo sababu tuliwarudisha wote wanne chini ya gogo, na mzee akalilaza gogo taratibu kama lilivyokuwa.

Ijumaa, msituni juu ya Amani

Nilitaka kuona nani anamla jongoo pamoja na hayo yote. Mzee alikuwa anajua pa kwenda. Kando ya njia ya zamani ya miguu kuna choo cha fungo, mahali ambapo mnyama huyo hurudi kila mara kujisaidia. Rundo lilikuwa kubwa, la siku nyingi, na lilikuwa limejaa pete. Pete nyeupe, nyingine za kijivu, ngumu, nyingine bado zimeshikana mbili mbili. Zilikuwa pingili za jongoo. Niliokota moja, nikaisafisha kwa jani: ilikuwa imetoboka katikati pale palipokuwa na nyama, na ubavuni kitobo cha tezi bado kinaonekana.

Fungo anajulikana Afrika nzima kwa hilo. Anawala jongoo ambao wanyama wengine wanawatema. Nguchiro nao wanawala, lakini wao kwanza wanamviringisha jongoo ardhini kwa kucha, wanamsugua kwenye mchanga hadi amalize maji yake, ndipo wanatafuna. Kinga ya kemikali inapunguza idadi ya maadui; haiwamalizi.

Adui mwingine tulimkuta kwa bahati njema kabisa, karibu na mizizi ya mti mkubwa: mdudu wa jamii ya kunguni wawindaji, mwekundu na mweusi, amempanda jongoo wa mviringo mgongoni. Hawa wamejitoa kuwinda jongoo karibu peke yao. Mdomo wao ni mrija mwembamba, na aliuingiza pale pingili moja inapoungana na nyingine, chini, ambako gamba ni laini. Anapiga mate ya kupoozesha. Jongoo alijinyonga mara kadhaa, matone ya kwinoni yalitoka, kunguni akainua miguu yake mirefu juu ya matone na hakuachia. Tulikaa pale mpaka jongoo akatulia, na wakaanza kufika watoto wa kunguni, wadogo wekundu, nao wakachomeka mirija yao. Kijana hakutaka kuondoka.

Tulipokuwa tunarudi, mzee alitupitisha mtoni na kugeuza mawe kwenye kokoto zenye unyevu. Chini ya jiwe la tatu au la nne alikuwapo mbawakawa mwenye mabaka ya manjano mgongoni. Nilimbana mguu wa nyuma kwa kibano. Pau! Sauti ikasikika wazi, moshi mdogo ukaruka kwenye kibano chenyewe. Nikambana mguu wa mbele. Akapinda ncha ya tumbo kupitia chini ya mwili wake na kupiga mbele. Anaelekeza anakotaka.

Picha maarufu za mbawakawa akipiga hivyo zilipigwa na Thomas Eisner na Daniel Aneshansley wa Chuo Kikuu cha Cornell, zikachapishwa mwaka 1999, na mbawakawa wenyewe, Stenaptinus insignis, walitoka Kenya. Ndani ya tumbo lake kuna vyumba viwili tena. Kimoja kina hidrokwinoni na peroksidi ya hidrojeni vikiwa vimechanganyika bila kudhuriana. Kingine kina vimeng'enya na kuta nene. Maji yakipita kutoka cha kwanza kwenda cha pili, yanachemka hadi nyuzi 100 za Selsiasi na kulipuka nje. Mlipuko wenyewe si mmoja, ni milio midogo takribani 500 kwa sekunde. Kila mlio unafunga mlango kwa msukumo wake, mlango unafunguka tena, mlio mwingine. Katikati ya milio chumba kinapata nafasi ya kupoa kidogo, asijichemshe.

Na kinachotoka, pamoja na joto, ni benzokwinoni: jamii ileile ya sumu tuliyoiona Jumanne kwa jongoo mkubwa. Jongoo huyo anaihifadhi ikiwa tayari, ndani ya mfuko uliotandikwa gamba lilelile la nje, kama tezi ya kiwavi wa wifi. Mbawakawa anaitengeneza sekunde anayoihitaji. Sasa naona njia za kujikinga na sumu yako mwenyewe si nyingi sana. Uitandikie gamba, au uiache bila kukamilika mpaka mlangoni.

Jumamosi, Amani kwenda Muheza

Kabla ya kushuka nilipita kwa familia moja yenye shamba la maharage pembeni ya mashamba ya chai. Maua yalikuwa yamejaa mbawakawa weusi wenye mikanda myekundu, wanakula petali. Watoto walikuwa wanawatoa kwa mikono mitupu. Niliwaomba waache. Damu ya mbawakawa hao ina kantaridini, na wakibanwa wanaitoa kwenye viungo vya miguu. Ngozi inatoka malengelenge baada ya saa kadhaa, na ikimezwa ni hatari kwa mtu na kwa ng'ombe. Tulitafuta mfuko wa plastiki wa kuvaa mkononi.

Mama mwenye shamba akanionyesha shingo ya binti yake, mstari mwekundu wenye vidonda vidogo. Huyo alikuwa ni mdudu mwingine, yule mwembamba mwenye rangi nyeusi na chungwa, anayefuata taa usiku. Nairobi wanamwita nzi, ingawa naye ni mbawakawa. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 aliwatesa watu wengi Kenya. Haumi. Madhara yanakuja akisagwa kwenye ngozi, kwa sababu ya sumu iitwayo pederini, na huyu ni wa pekee katika wote niliowataja: sumu yake haitengenezi yeye, inatengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwa majike. Ukimwona shingoni mpulize, usimpige. Kisha osha mahali hapo kwa sabuni, na usishike macho.

Tumefika Muheza jioni tumelowa.

Jumapili, njia ya Pangani

Kijana alitaka siku moja zaidi, na kaka ana rafiki mwenye minazi kusini ya Tanga, kwenye njia ya Pangani. Nilikubali kwa sababu ya majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini.

Kila mtoto wa pwani ameshaumwa nao akipanda mwembe. Wanashona majani kwa hariri ya mabuu wao wenyewe, na ukigusa kiota wanashuka kwa mamia. Hawana mwiba. Wanauma kwa taya, kisha wanapinda tumbo mbele na kunyunyiza asidi ya fomiki kwenye jeraha walilolifungua. Ndipo jina lao linapoeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kulipata.

Mwenye shamba hawapulizii dawa. Minazi ya mwambao huu inashambuliwa na mdudu anayefyonza vidaka, Pseudotheraptus wayi, na nazi changa zinadondoka kabla ya wakati. Utafiti uliofanywa Zanzibar na Tanzania Bara tangu miaka ya 1950 ulionyesha kwamba mnazi wenye majimoto wengi hupoteza vidaka vichache, maana majimoto hawamruhusu mdudu huyo kukaa. Shida ni sisimizi wadogo wa ardhini wenye vichwa vikubwa, wanaowapiga vita majimoto na kuwafukuza mtini. Majimoto wakishuka chini kwenda mnazi wa pili wanakutana nao njiani na kuuawa.

Kwa hiyo anawapitisha juu. Amefunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi, na kutoka minazi hadi mwembe wenye viota vingi. Tulipofika kamba mbili zilikuwa zimekatika kwa upepo wa wiki iliyopita. Alimwita kijana akamshikie ngazi, akampa majivu ajipake mikononi na miguuni, akamwambia, "Mwanangu, wakikupanda usipige kelele, shuka tu." Majimoto wa kwanza walikuwa kwenye kamba mpya kabla hajamaliza kufunga fundo.